Mkonge una kitalu, mwandishi hana: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: WAANDISHI CHIPUKIZI NA UHABA WA WAHARIRI

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Nakuandikia kutoka Tanga. Nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na sasa kila Jumamosi saa tisa alasiri nakutana na watu kumi na mmoja katika darasa tuliloazima kwenye shule moja ya msingi, tunaandika. Madawati ni ya watoto, magoti hayaingii, kwa hiyo wengi wetu tunakaa upande. Yupo dereva wa bodaboda, wapo walimu wawili wa msingi, yupo mama anayeuza samaki pale Deep Sea, na vijana waliomaliza chuo wakawa bado wanazunguka na bahasha. Kozi ni ya miezi sita na hii ni awamu ya nne. Halipwi mtu. Tunachangishana hela ya kutoa kopi, basi.

Sikuandikii kuomba fedha za darasa hili. Nakuandikia kwa sababu nimeona mahali wanapokwama, na ni palepale kila awamu. Naamini Wizara yako inaweza kupafungua bila kujenga hata chumba kimoja.

Nianze na shukrani, maana zinastahili. Tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Baba wa Taifa, zilipotolewa kwa mara ya kwanza Tuzo za Taifa za Mwalimu Nyerere za Uandishi Bunifu, nilikaa mbele ya televisheni nikalia. Mshindi wa riwaya na mshindi wa ushairi kila mmoja shilingi milioni 10, na miswada yao ichapwe ifike shuleni! Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuona mshairi akiitwa mbele ya Taifa kwa heshima ya namna ile. (Na tarehe hiyo ina baraka zake: Euphrase Kezilahabi naye alizaliwa 13 Aprili, mwaka 1944.) Tangu hapo watu wanakuja darasani kwangu na tangazo la tuzo kwenye simu, wananiuliza, mwalimu, na mimi naweza? Swali hilo lilikuwa haliulizwi. Mmelileta ninyi.

Sasa naomba nikuonyeshe kinachotokea baada ya swali hilo.

Yule dereva wa bodaboda anaandika riwaya juu ya babu yake, aliyeletwa kutoka Kigoma kuja kukata mkonge. Alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Ukurasa wake wa kwanza, alipouleta, ulianza hivi: “Ilikuwa siku ya Jumatatu yenye jua kali na upepo mwanana, ndege wakiimba nyimbo tamu mitini, ndipo babu yangu alipowasili Tanga akiwa na huzuni isiyo kifani.” Naijua sentensi hiyo. Nimeisahihisha maelfu ya mara katika insha, na nasema kweli, nimeipa alama nzuri. Sisi walimu ndio tuliowafundisha kwamba kuandika vizuri ni kupamba. Mtoto anakariri upepo mwanana darasa la sita, na akifika miaka thelathini na mbili, ana jambo zito la kusema kuhusu babu yake, upepo mwanana unakaa mlangoni haumpishi.

Nikamuuliza: babu alikuambia nini hasa? Akasema hakuniambia mengi. Nikasema nenda kamuulize bibi. Jumamosi iliyofuata akaja na kipande. Maana manamba alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku zake za kazi, siku thelathini zikitimia ndipo anapata mshahara. Jumamosi ya tatu akaja na neno nyapara, msimamizi wa vibarua. Ya nne akasimama akatusomea:

“Mwezi wa kwanza babu alikuwa hageuki akiitwa, kwa kuwa nyapara alikuwa anaita namba, na babu alikuwa bado anasubiri jina lake.”

Darasa lilinyamaza. Mama wa samaki akasema, “Soma tena.” Kijana akasoma tena, kisha akaniangalia akaniuliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, kwani hii nayo ni fasihi?”

Mheshimiwa Waziri, sentensi ile sikuiandika mimi. Nilichofanya ni kuuliza, kukataa, kusubiri, na kuuliza tena. Kazi hiyo ina jina lake, ni uhariri, na ndiyo inayokosekana. Watu wanadhani mhariri ni wa kurekebisha herufi na kuondoa nafasi mbili baada ya nukta. Mhariri wa kweli ni msomaji wa kwanza mwenye uvumilivu. Anamwambia mwandishi hapa umenichosha, hapa umenidanganya, hapa umepita mbio na ndipo penye hadithi. Bila mtu huyo, mwenye kipaji anabaki na alichokariri shuleni.

Na mimi si mhariri niliyesomea. Ni mwalimu mwenye kalamu nyekundu na macho yanayochoka. Sentensi moja imechukua Jumamosi nne. Riwaya ina sentensi ngapi?

Fundi cherehani mmoja alikuwa nasi awamu ya pili. Aliandika riwaya nzima, kurasa 212, kwa mkono, kwenye madaftari makubwa, usiku baada ya kufunga mashine. Mpwa wake akamchapia. Akaupeleka mswada kwa mchapishaji mmoja. Akasubiri miezi kumi na minne. Jibu likaja, mstari mmoja: mswada wako haukidhi vigezo vyetu. Vigezo gani? Hakuambiwa. Ni lugha? Ni urefu? Ni mwisho? Alinijia na karatasi ile kama mgonjwa aliyepewa cheti kisichoandikwa ugonjwa. Tangu siku hiyo madaftari yako chini ya vitambaa vya wateja, na yeye haandiki.

Simlaumu mchapishaji kwa yote. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, kwa sababu ndivyo vinavyonunuliwa. Riwaya ya mtu asiyejulikana inaweza kukaa ghalani miaka. Kumlipa mhariri miezi mitatu ashughulikie mswada ambao huenda ukauza nakala mia nne ni hasara ya wazi, na mfanyabiashara hawezi kuibeba peke yake. Kwa hiyo mswada unaokaribia kuwa kitabu na mswada usiofaa kabisa vyote vinapata jibu lilelile la mstari mmoja.

Kuna wanaosema tatizo ni wasomaji, kwamba Watanzania hawasomi. Hao nawakaribisha waje wakae na mmoja wa wale walimu wawili wa msingi. Anaandika riwaya ya mapenzi na kuiuza WhatsApp, kipande kwa kipande, shilingi 500 kila sehemu, fedha zinaingia kwenye simu. Ana wasomaji zaidi ya mia mbili, wengine wako Muscat wanafanya kazi za ndani na wanaisoma usiku. Akichelewa siku mbili wanampigia. Shangazi aliyezikwa sehemu ya 12 akatokea anapika pilau sehemu ya 31, wasomaji wakalalamika sana, na bado wakaendelea kulipa. Watu hao wanasoma, tena wanalipia. Wanachostahili ni hadithi ambayo kuna mtu ameipitia kabla haijawafikia, na mwandishi wao anastahili kuambiwa kwamba shangazi amekwisha kufa.

Wala haya si maneno mapya. Kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, palikuwa na Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki (East African Literature Bureau), chombo cha umma, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kulea waandishi Waafrika. Ndilo lililotoa riwaya ya kwanza ya Kezilahabi mwaka 1971, naye ana miaka 27 tu. Baadaye, mwaka 1991, ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto. Ule haukungoja vitabu viive vyenyewe. Uliwakalisha waandishi, wachoraji na wahariri katika warsha, kisha ukamhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa ipelekwe shuleni. Wapo watoto wa Kitanzania waliojifunza kupenda kusoma kwa sababu hiyo. Tunajua namna ya kufanya. Tumewahi kufanya.

Katika sura ya tano ya riwaya yake dereva wetu anaeleza babu alivyohamishiwa kitaluni. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, kutoka Florida, Marekani. Ilisafirishwa miche 1,000, ikapona 62, na kutokana na hiyo 62 ndiyo tukapata mashamba yote unayoyaona ukitoka Korogwe kuja mjini. Darasani wengi hawakujua kwamba mche wa mkonge haupelekwi moja kwa moja shambani. Unakaa kitaluni mwaka mzima na zaidi, unapaliliwa, unachaguliwa, ndipo unahamishwa. Babu alikuwa akiulizwa kwa nini wanapoteza muda hivyo wakati shamba liko tupu, naye anajibu, ukiupeleka mdogo utahesabu maiti.

Tuzo ni sherehe ya mavuno, Mheshimiwa, na mmeifanya vizuri. Kitalu ndicho hatuna.

Ninachoomba ni hiki. Bodi ya Huduma za Maktaba iko chini ya Wizara yako, na ina maktaba mikoani. Katika maktaba za mikoa mitano ya kuanzia, wekeni mhariri mlezi mmoja kila mahali, kwa miezi sita ya mwaka. Meza moja, viti viwili, siku tatu kwa wiki. Mwandishi anaandikisha mswada wake, anapangiwa siku, anakaa na mhariri, anarudi nyumbani na kazi ya kufanya, anakuja tena. Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa Kiswahili kila mwaka, na wengi wanaishia kusahihisha tasnifu za watu kwa ujira wa mtaani. Waliobobea pale TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaweza kuwaandaa kwa mafunzo ya wiki chache. Walipwe kwa mswada waliousindikiza hadi mwisho, wasilipwe kwa kukaa kwenye kiti.

La pili ni dogo zaidi, na ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa na nafasi yako. Majaji wa tuzo wanapousoma mswada, lipo wanaloliona. Naomba hilo wanaloliona limfikie mwandishi aliyekosa, hata kama ni ukurasa mmoja: uzuri wa kazi yako uko hapa, udhaifu uko hapa, anza kurekebisha hapa. Kwa aliyeshinda, milioni 10 zinatosha kusema. Aliyeshindwa ndiye anayehitaji maneno. Fundi wangu angepata ukurasa huo, asingefunika madaftari.

Kuhusu shule kununua vitabu vya hadithi sitasema mengi, wenzangu wamelisema sana na wana haki. Naongeza moja tu: mtihani wa insha uangaliwe. Mtoto aliyeandika sentensi moja ya kweli kuhusu jirani yake asipitwe alama na aliyekariri ndege na upepo. Nimekuwa upande wa kalamu nyekundu muda mrefu, najua ninachokisema.

Mtu anaweza kuniambia Taifa lina mambo makubwa zaidi, madarasa, madawati, vyoo. Najua, madawati yenyewe nayakalia kila wiki. Lakini sisi wa Tanga tuko jirani na Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, karani wa serikali kwa miaka mingi, mtu aliyeishi na watu wa kawaida kabisa. Leo hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua jina lake. Nikiwatazama watu wangu kumi na mmoja wamekaa upande kwenye madawati ya watoto, siwezi kusema ni nani kati yao. Naogopa tu asije akawa ndiye aliyepata jibu la mstari mmoja.

Awamu hii inamalizika baada ya wiki saba. Dereva amefika sura ya saba. Babu ameanza kuitika namba, na kijana hajui atafanyaje ili arudishiwe jina. Tunalihangaikia pamoja.

Mswada wa fundi ninao mimi. Mwezi uliopita nilimwendea dukani nikamwomba, akasita sana, kisha akainua vitambaa akanipa, kwa sharti nisimtaje jina. Nausoma usiku, kurasa chache chache, naandika pembeni kwa penseli. Nimefika ukurasa wa 60, na kuanzia wa 41 umekuwa mzuri sana.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu, darasa la Jumamosi,
Tanga.