Unataka "ile nyeupe"? Sawa, ila sikia kwanza

Wagonjwa wengi wakija kuziba jino lililotoboka, wakishakaa tu kwenye kiti, "dokta niwekee ile nyeupe, ile ya kijivu ina sumu". Haya, tuongee kidogo, maana zile simu za "dokta imedondoka" zinatuchosha na nyie zinawachosha.

Ya kijivu ni amalgamu, karibu nusu yake zebaki, iliyobaki fedha, bati na shaba. Ngumu kweli kweli na mate haiyaogopi sana. Kama unayo na haikusumbui iache hapohapo, kuichokonoa ndo kunaamsha mvuke wa zebaki. Ila zama zake zinaisha, Umoja wa Ulaya wameipiga marufuku tangu Januari 2025, na sisi watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha hatuwawekei.

Nyeupe ni kompoziti, yaani resini (aina ya plastiki) na unga wa kioo, na hii haitaki papara. Tunapaka asidi sekunde kama 15, tunaosha, tunakausha, tunapaka gundi, halafu tunaweka kidogo kidogo, milimita 2 hivi, tunapiga taa ya bluu sekunde 20, tunaongeza, taa tena, mpaka shimo lijae. Hapo katikati mate yakipenya tu gundi haishiki, kazi imekufa, ndo maana tunakujaza mapamba na kukugombeza ukifunga mdomo. Shimo likiwa limeingia chini ya fizi na damu inachuruzika, nyeupe siku hiyo hatuweki hata ulipe mara mbili.

Hapo tunakwenda kwenye dawa ya tatu ya kuziba, glasi ayonoma, unga na maji yake, inakorogwa palepale mbele yako. Inang'ang'ania jino hata kukiwa na unyevu kidogo na inaachia floridi, ile ya kwenye dawa ya meno. Ile njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine halafu unaziba, ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980, wengi hawajui. Ubaya wake kwenye magego inalika mapema.

Mwisho tunakupa karatasi ya rangi ung'ate, tuone kama tulichoziba kimezidi kimo. Sasa watu mkiwa na ganzi mnasema "iko poa" ili muondoke, kesho yake unatafunia upande mmoja. Ukiona inagonga rudi, kuipunguza ni dakika mbili na hatukutozi.