Kwa somo yangu: mvua ya Hiroshige na kakejiku

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia pamoja na picha za chapa ya mbao uliyoinunua Jinbocho, Tokyo, ile ya mchoraji wa Kijapani Hiroshige ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi. Unasema ina matundu ya wadudu na karatasi ngumu iliyobandikwa nyuma, na unauliza utaitiaje bitana hadi iwe kakejiku, picha ndefu ya kutundika ukutani na kukunjwa kama mkeka, kabla hujarudi nayo Mombasa. Jibu langu ni hili: chapa yenyewe usiigeuze kakejiku. Itengeneze palipoumia, ilaze bapa, kisha nakala yake ndiyo uitundike.

Sababu iko kwenye karatasi. Chapa hii ya 1857 ni ya kipimo cha obani, kama sentimita 36 kwa 24, na ilikusudiwa kushikwa mkononi. Kutengeneza kakejiku ni kuilowesha karatasi zaidi ya mara moja, kuipigapiga kwa brashi nzito, kisha kuikausha ikiwa imevutwa kama ngozi ya ngoma. Alama za bareni, kile kisahani cha kusugulia, huenda bado ziko nyuma ya chapa yako, na mistari ya ubao imezama kidogo kwenye karatasi. Vyote hivyo hulala bapa au hufunikwa na bitana, na havirudi. Baadaye kila ukikunja na kukunjua, nyuzi hukatika kwa mapana. Zipo chapa ambazo kutundikwa ndiyo asili yake: hashira-e, nyembamba kama sentimita 12 na ndefu kama 70, ambazo watu wa Edo, Tokyo ya zamani, walizibandika kwenye nguzo za nyumba, na kakemono-e za karatasi mbili zilizounganishwa wima. Hizo zilikuwa badala ya michoro ya brashi kwa asiyeweza bei yake. Yako si mojawapo.

Hakikisha kwanza ulichonacho. Chukua kioo cha kukuza cha mara kumi uitazame buluu ya mto. Ukiona vitone vimejipanga kwa safu, hiyo ni kazi ya mashine. Chapa ya mbao haina vitone. Rangi imenywewa na nyuzi na huonekana hadi nyuma. Hilo linathibitisha mkono tu, halithibitishi mwaka, maana mbao za picha hizi zimechongwa upya mara nyingi baadaye.

Sasa matengenezo. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kuanzia katikati kwenda nje. Kisha jaribu kila rangi: tone dogo la maji kwa ncha ya brashi, hesabu sekunde thelathini, gandamiza karatasi ya kunyonya. Ikitoka hata kivuli cha rangi, eneo hilo lisiguswe na maji. Buluu ya Prussia, ambayo Wajapani huiita bero-ai, hustahimili maji lakini hugeuka kahawia ikikutana na alkali, kwa hiyo zile dawa za kuondoa asidi kwenye karatasi ziache dukani. Wekundu wa beni, utokanao na maua, huchujuka kwa mwanga na huharibiwa na alkali pia. Buluu ya aobana, iliyotumika sana kabla ya bero-ai kuenea, huondoka kwa maji matupu. Dawa ya kung'arisha nguo usiifikirie hata kidogo: madoa ya kahawia yatapauka, na nyuzi zitakuwa unga.

Ile karatasi ngumu iliyobandikwa nyuma ndiyo adui mkubwa zaidi. Laza chapa kifudifudi juu ya kitambaa cha rayoni, chini yake karatasi nene ya kunyonya. Lowesha mgongo kwa brashi, kidogo kidogo, usubiri gundi ilainike. Unapobandua, vuta ile karatasi ya nyuma na si chapa, na uivute karibu kulala juu ya meza. Ukiinyanyua wima, itaondoka na nyuzi za chapa. Ikikaza, acha, lowesha tena. Haraka hapa ndiyo huzaa matundu mapya.

Matundu ya wadudu hujazwa kwa karatasi ya kozo, ile ya Kijapani ya nyuzi ndefu, yenye unene uleule. Chora umbo la tundu kwa brashi yenye maji kwenye kozo, uirarue ili ukingo ubaki na manyoya, upunguze manyoya hayo hadi ipite ukingo wa tundu kwa chini ya milimita moja. Ipake rangi ya karatasi kuukuu kabla ya kuitia, isiwe baada. Tundu likipita kwenye mistari ya mvua, usiichore mistari iliyokosekana. Kiraka chenye rangi ya mahali pake macho hukisamehe, ila mstari wa uongo huonekana daima. Ukimaliza, iweke kwenye folda ya karatasi isiyo na asidi, imelala. Ukitaka kuionyesha, iwe miezi michache tu, kwa mwanga hafifu, usiozidi lux 50.

Nakala utaipata kwa njia mbili. Iliyo bora ni chapa mpya ya mkono. Taasisi ya Adachi kule Tokyo bado huchonga picha hizi kwenye mti wa mcheri na kuzichapa kwenye karatasi ya Kijapani iitwayo hosho. Ukiamua kuchonga mwenyewe, jua kwamba mvua ile ni mbao mbili, kila moja na mwelekeo wake wa mistari, na kila ubao lazima uwe na alama zake za kento, za kuiweka karatasi mahali palepale kila mara: moja ya kona, moja iliyonyooka. Karatasi iwe na unyevu sawa tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Kingo zikikauka, husinyaa, na mvua itahama isikae mahali pake. Rangi ikikosa gundi ya wali ya kutosha, utaona madoadoa kama ufuta, na Wajapani huyaita hivyohivyo, goma. Lile wingu jeusi la juu ni bokashi: ubao hupakwa maji kwanza, rangi huwekwa upande mmoja tu wa brashi, na mkono ndio unaoififisha.

Njia ya pili ni printa. Piga skani ya nukta 600 kwa inchi, uchape kwa wino wa pigimenti kwenye kozo ya gramu 40 hadi 70 kwa mita ya mraba. Wino wa rangi ya maji utavuja mara tu uji wa gundi utakapoupata. Iache siku nzima, ujaribu kipande kwa brashi yenye maji kabla ya kuendelea. Na nyuma ya kazi andika kwa penseli kwamba ni nakala, na mwaka. Hilo nakusihi, maana kakejiku huishi kuliko mwenye nayo.

Tuje kwenye bitana. Gundi ni wanga wa ngano, si unga wa chapati. Unga una gluteni, nayo hukauka ngumu na kuita wadudu. Sehemu moja ya wanga kwa nne au tano za maji, uloweke usiku mzima, upike kwa moto mdogo dakika thelathini hadi arobaini bila kuacha kukoroga, hadi weupe uondoke na uji ung'ae. Ukipoa, uchuje kwenye chekecheo mara mbili, uuzimue ufanane na maziwa mazito. Uji mzito hufanya kakejiku ikakamae na kujikunja kingo. Mwepesi mno huacha mapovu, na bitana huachia. Ukinuka uchachu, mwaga.

Bitana ya kwanza ni karatasi nyembamba ya Mino, ya pili ni ya aina iitwayo misu, na ya mwisho ni ya uda kutoka Yoshino, yenye udongo ndani yake unaoifanya iwe laini na tulivu. Misu na uda hushikwa na gundi kuukuu, iliyokaa mtungini kama miaka kumi. Gundi hiyo ni dhaifu kwa makusudi, ndiyo maana fundi huipiga bitana kwa brashi nzito ili nyuzi zishikane zenyewe, na ndiyo maana kakejiku hukunjika kwa ulaini. Wewe usiye na mtungi wa miaka kumi, tumia uji mpya uliozimuliwa sana, na upigepige vilevile. Gundi nyeupe ya maseremala isikaribie kazi hii, kwa sababu haibanduki, na kakejiku yoyote siku moja itahitaji kubanduliwa na kutiwa bitana mpya. Mwelekeo wa nyuzi uwe mmoja kwa picha na bitana ya kwanza. Karatasi hutanuka zaidi kwa mapana ya nyuzi, na zikipishana picha itapinda. Maungio ya bitana moja yasiangukie juu ya maungio ya nyingine.

Kuhusu hariri, sehemu ya juu ya picha huitwa mbingu na ya chini ardhi, na mbingu huwa kama mara mbili ya ardhi. Vipande vyembamba vinavyogusa picha juu na chini, ichimonji, ndivyo pekee vinavyostahili zari. Picha yako imejaa buluu na kijivu, kwa hiyo ningeweka hariri ya rangi ya majani makavu, isiyo na maua. Zari nyingi zitaizima mvua.

Kukausha ni kwenye karibari, ubao wa matabaka ya karatasi uliopakwa maji ya tunda la kaki. Paka gundi kingoni tu, milimita tano, ukiacha kijipande cha kuingizia mwiko wa mwanzi wakati wa kubandua. Wiki mbili uso ukitazama nje, wiki mbili mgongo. Ukiibandua mapema, itaonekana imenyooka, na mwezi ujao itapinda. Kisha sugua mgongo kwa shanga, ndipo ufungie mti wa juu na wa chini.

Mombasa usiitundike kwenye ukuta wa nje wa chokaa, kwa maana wakati wa masika ukuta huo hutoa unyevu na ukungu utaanzia mgongoni. Itundike wiki chache, kisha uikunje siku kavu, bila kuikaza, irudi kwenye sanduku lake la mti wa kiri.

Kabla hujagusa lolote, nipigie picha ya mgongo wa chapa kwa mwanga wa ubavuni, na nyingine ukiiinua mbele ya dirisha. Nataka kuona ile karatasi ngumu ilibandikwa yote au kingoni tu.

Ni mimi, somo yako.