Barua kwa Mwanangu: Pilipili ya Kukauka na Ukwaju

Langoni, Amu

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mamako hajambo na nduguzo wote wazima. Ujumbe wako umefika. Umesema chakula cha Nairobi hakikupandi bila pilipili yetu, na kwamba ile ya dukani imejaa sukari na rangi. Nimefurahi hukuniomba nikutumie chupa, umeomba nikufunze. Basi keti uisome barua yote kabla hujawasha jiko.

Kwanza tuelewane. Kupata ukali si kazi. Yeyote atakayesaga pilipili kichaa na chumvi atamtoa mgeni machozi. Lakini wanaonisimamia pale pwani jioni wakingoja mishkaki hawaji kulia. Wanataka pilipili yenye uchachu, iliyoonja moto kidogo, na ukali uje nyuma wakati nyama imeshamezwa. Hiyo ndiyo ninayotaka uijue.

Nenda kwenye maduka ya viungo ya Ngara ununue aina mbili: zile ndefu za Kashmiri, ambazo zina rangi nyingi na ukali mdogo, na pilipili kichaa za kukauka. Mimi kwa gramu 50 za ndefu hutia gramu 5 tu za kichaa. Ukizidisha hapo, zile ndefu hazitasikika mdomoni na pesa yako imekwenda bure. Chagua zinazong'aa. Yenye unga mweupe, madoa meusi au harufu ya uvundo itupe, wala usijiambie kwamba moto utaisafisha. Kuvu wa namna hiyo huacha sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo hiyo. Ndiyo maana zangu huzianika wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Nazitandaza darini juu ya jamvi, na kabla ya Magharibi nazirudisha ndani, kwa sababu umande wa bahari hulowesha usiku kilichokauka mchana. Masika ikiingia, sianiki tena.

Kata vikonyo, zipasue, uzikung'ute mbegu. Watu wengi hushikilia kwamba ukali uko kwenye mbegu. Sivyo, uko kwenye ule utando mweupe unaozishika mbegu, na mbegu huupata kwa kugusana nao. Mimi huzitoa kwa kuwa zikisagwa huleta uchungu. Vaa glavu. Ukikosa, ukimaliza jipake mafuta ya kupikia mikononi kwanza, ndipo unawe kwa sabuni, maana ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, haushughuliki na maji. Nakusisitizia hili kwa ajili ya udhu: mkono ukishapita machoni na puani, utawaka vibaya. Na mdomo ukiwaka wakati wa kuonja, kunywa maziwa, usikimbilie maji.

Sasa moto. Hapa ndipo pilipili nyingi huharibiwa, kwa hivyo nisikilize vizuri. Weka kikaango kikavu, bila tone la mafuta, moto uwe mdogo kabisa. Tia pilipili chache chache, zikandamize kwa mwiko, zigeuze. Hazihitaji hata dakika moja. Pua ndiyo itakayokwambia: ile harufu kavu ya vumbi itaondoka na kuja nyingine, nzito na tamu kama ya tende zilizopigwa na jua. Papo hapo ziepue uziweke kwenye sahani baridi, kwa sababu kikaango huendelea kuzichoma hata moto ukizimwa. Iliyogeuka nyeusi itoe. Moja tu huachia uchungu sufuria nzima, na uchungu huo hauzimwi na sukari wala chumvi. Fungua dirisha kabla hujaanza. Chumba chako ni kimoja, na moshi wa pilipili hukaba koo. Mwambie na jirani yako mapema.

Ziloweke kwa maji ya moto nusu saa, zifunike. Kwenye bakuli lingine loweka gramu 200 za ukwaju kwa vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, uukamue kwa mkono safi na kuuchuja. Usipunje ukwaju, mwanangu. Mti huu asili yake ni Afrika hii hii, na pilipili ilitukuta tukiwa nao. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, hakuna mtu wa pwani hii aliyewahi kuonja pilipili kali. Ilitoka bara la Amerika, Wareno wakaileta huku baadaye. Kabla ya hapo, cha kuwasha ulimi kilikuwa pilipili manga na tangawizi, bidhaa za majahazi. Ndiyo maana mimi sikubali pilipili iufunike ukwaju.

Yaonje maji uliyolowekea pilipili. Yakiwa machungu, yamwage. Yakiwa mazuri, yatumie kusagia, pamoja na punje nane za thomu, yaani kitunguu saumu. Tia kwenye blenda usage mpaka ilainike, kisha uipitishe kwenye chujio. Watu wa zamani walitwanga kwa kinu na mchi, nami sioni aibu kukwambia blenda hufanya kazi hii vizuri zaidi.

Weka sufuria, mafuta vijiko vitatu vya mezani, na uzile, yaani bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai. Uzile ukianza kuruka, mimina pilipili iliyosagwa. Koroga bila kuondoka. Itatoa povu, itakuwa nzito, na baada ya muda utaona mafuta mekundu yanajitenga pembeni. Hapo ndipo utie maji ya ukwaju, chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, na sukari kidogo ya kusawazisha. Iache ichemke polepole dakika 15. Mwisho tia nusu kikombe cha siki, ichemke tena kidogo, uepue.

Chupa iwe ya glasi, uliyoichemsha kwenye maji dakika 10. Mimina pilipili ikiwa bado ya moto, ufunge, na ikipoa uiweke kwenye friji. Utawasikia watu wakisema mwagia mafuta juu ili isiharibike. Mimi silifuati hilo. Afisa wa afya aliyekuja kutukagua sisi wauza vyakula alitueleza kwamba kuna bakteria wanaopenda mahali pasipo hewa. Thomu iliyozama ndani ya mafuta bila uchachu huwapa makao, na sumu yao yaweza kuua mtu bila chakula kubadilika harufu wala ladha. Kinachowazuia kumea ni asidi, pH, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa chini ya 4.6; ikishuka, uchachu umezidi. Kwa hivyo siki na ukwaju vinailinda pilipili yako, si ladha tu. Ukitaka kupunguza kitu, punguza sukari, usipunguze siki. Na kijiko kinachoingia chupani kiwe kikavu kila mara.

Usiile siku hiyo hiyo. Ipe siku mbili, ukali na uchachu vipatane. Itafaa kwa samaki wa kukaanga, viazi karai, muhogo, hata mayai yenu hayo ya asubuhi. Kwenye samaki wa kupaka usiitie. Tui la nazi lina utamu wake, liache lisikike.

Jambo moja sitaweza kuliandika likaeleweka, nalo ni yale mafuta mekundu kujitenga. Siku utakayopika, iwe Jumapili mchana kabla sijateremka pwani na jiko langu. Ukishamimina pilipili sufuriani, nipigie kwa video uielekeze simu humo, nikwambie ni wakati gani wa kutia ukwaju.

Mamako anakusalimu sana, na anauliza kama friji uliyoinunua ina nafasi ya chupa mbili.

Wasalaam,
Babako