Huo wimbo usiufute, baba

Mbukwa, mwanangu.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu kule kwenye kundi la kamati ya harusi yako kila mtu anasoma, na haya si mambo ya mjomba wako mweka hazina. Nimeiona orodha ya nyimbo mliyompelekea MC. Kuingia kwenu, keki, zawadi, zote za vijana wa leo, na mimi sina neno, ukumbi mmelipia wenyewe. Ila pale kwenye wazazi wa bwana harusi kuingia, mtu alikuwa ameandika Vulindlela ya Brenda Fassie, wewe ukajibu: "Hiyo ya kizamani, toeni." Ndipo nikatafuta kalamu.

Huo wimbo ulitoka mwaka 1997. Kwangu ulifika mwaka uliofuata, nikiwa na miaka 20 na mimba yako ya miezi mitano. Baba yako alikwishapanda treni kwenda kutafuta maisha, na hayo unayajua. Nilikuwa nimetoka kijijini nakaa kwa mama mdogo, Chang'ombe ya hapa Dodoma, chumba kimoja na watoto wake watatu. Siku moja bombani, nikiwa nimesimama foleni na ndoo yangu, mama mmoja akasema kwa sauti, makusudi nisikie: "Huyu hata akizaa dume, siku ya kuoa atasimamiwa na nani?" Wenzake wakacheka. Nikajitwisha ndoo haijajaa vizuri, maji yakawa yananimwagikia mgongoni njia nzima.

Karibu na soko la Majengo kulikuwa na kibanda cha kijana anayerekodi kaseti. Unampelekea kaseti tupu na majina ya nyimbo, kesho unachukua. Spika aliiweka nje, na mchana ule ilikuwa inapiga huo wimbo. Nilisimama juani nikausikiliza mpaka ukaisha, nikamwomba aurudishe. Akaniangalia tumbo, akaurudisha. Kaseti niliyokuja kununua kwake baadaye aliandika kwa mkono wake "Blenda Fasi". Ninayo mpaka leo. Haipigi tena, utepe ulishajikunja.

Lugha sikuijua hata neno. Kilichonishika ni ile namna mmoja anaanza na kundi linamwitikia, na sauti ya yule mwanamke haiombi ruhusa. Bibi yako alikuwa anapiga muheme, unakumbuka, ngoma amebana mapajani na wenzake wamejipanga, kichwa juu, jasho linamtoka na hajali nani anamtazama. Nilikuwa nikidhani ujasiri ule ni wa kijijini tu, kwamba mjini mwanamke anatakiwa apite kando ya ukuta. Kumbe kuna mwenzake huko Afrika Kusini amepanda nao jukwaani.

Nikaanza kumtafuta kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Ndivyo nilivyomjua. Kazaliwa Langa, Cape Town, mwaka 1964, mtoto wa mwisho kati ya tisa. Baba alikufa yeye akiwa mdogo kabisa, mama akawa anapiga piano, binti anaimba. Akiwa msichana wa miaka kumi na kitu akachukuliwa Soweto kwenda kuimba, na mwaka 1983 akatoka na Weekend Special, nchi nzima ikamjua. Wimbo alioutoa kwa ajili ya Mandela, serikali ya makaburu iliupiga marufuku. Kwao walimwita MaBrrr.

Kwenye picha moja ya zamani alikuwa amesuka misuko mirefu imejaa shanga. Mimi kusuka nilikuwa najua, lakini ni twende kilioni na uzi, vya kusukana uani. Nikanunua shanga za rangi tatu, nikamsuka binti wa mama mdogo, nikakaa naye kutwa nzima. Kazi ilikuwa kwenye kuzifunga: shanga ukiifungia juu sana nywele inasimama kama mwiba, ukiifungia chini inachomoka mtoto akiruka kamba. Nilifumua na kusuka upya mara tatu, yeye analia. Jumapili akaenda nao kanisani. Jumatatu walikuja wasichana wawili kuuliza nani kamsuka. Nilianzia hapo, chini ya mwarobaini, kigoda kimoja na kitana, wewe ukiwa kwenye boksi la sabuni pembeni, umefunikwa kanga usipigwe na vumbi. Na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane unaujua.

Baadaye Brenda alikata nywele fupi na kuzipaka rangi, na mimi nikakata. Dawa ya kubadili rangi niliiacha kichwani kupita muda, kwa ujinga, nikaungua nyuma ya sikio. Kale kakovu unakoniuliza kila mara ndiko hako. Rangi yenyewe haikutoka ya dhahabu kama ya kwake. Ilitoka kama nyasi za kiangazi. Bibi yako aliponiona akanyamaza kidogo, kisha akasema nimefanana na njia ya kwenda Bahi. Kanisani mzee mmoja aliniita pembeni, nikamsikiliza, nikamwitikia, na Jumapili iliyofuata nikaenda na kichwa kilekile. Sikuwa nashindana naye. Nilikuwa nimechoka kupita kando ya ukuta.

Nywele zile zilinilipia kodi ya fremu ya kwanza, maana kila aliyenicheka alirudi kuuliza bei. Kuna wateja mpaka leo wananiita Mama Brenda, wanadhani nina binti wa jina hilo. Nimeacha kuwasahihisha.

Usidhani sikuujua upande mwingine wa Brenda Fassie. Dawa za kulevya zilimtafuna, na alikuwa hafichi, kila mtu alijua. Mwaka 2004 alianguka, akalala hospitalini kama wiki mbili, Mandela mwenyewe akaenda kumtazama. Alikufa tarehe 9 Mei, Jumapili, ana miaka 39. Nilisikia redioni nikiwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa. Nilimwomba radhi, nikatoka nje nikakaa. Wewe ulikuja na kikombe cha maji, ukaniuliza kama nimeungua tena. Naye aliacha mtoto mmoja, wa kiume. Siku zile hilo lilinikaa moyoni kuliko nyimbo zake zote. Ndiyo maana ukiwa kidato cha tatu, nilipokukuta na wale vijana wa nyuma ya uwanja, nilikuchapa vile. Nilikuchapa kupita kiasi, baba, na hilo nakiri.

Sasa maana ya wimbo. Nimeucheza miaka bila kuijua. Aliyenifungua ni mume wa mteja wangu mmoja, dereva wa malori ya masafa, alikuwa akishuka Tunduma mpaka Johannesburg, na Kizulu kilimkaa. Siku hiyo anamsubiri mkewe, redio ikaupiga, nikamuuliza tu kwa mzaha. Akasema vula ni fungua, indlela ni njia. Kwamba anayeimba ni mama. Anawaambia majirani wapishe njia, wasimwonee wivu, mtoto wake wa kiume anaoa leo.

Niliacha kitana kichwani kwa mke wa watu, nikaingia stoo kama ninatafuta taulo.

Dereva huyohuyo alikuja kunionyesha kwenye simu picha ya sanamu ya Brenda iliyoko Newtown, kule Johannesburg. Amekaa kwenye kiti kirefu mbele ya maikrofoni, na pembeni yake kuna kiti kingine kitupu, mpita njia akitaka anakaa, anapigwa picha naye. Dereva alikuwa amekikalia, kofia mkononi.

Basi mwambie MC aurudishe. Ule wa mwanzo wenyewe, siyo uliochanganywa. Nitaingia mimi na mama mdogo, na tutatembea polepole kwa sababu ya goti lake, kwa hiyo asiukate katikati. Mama wa bombani bado yupo, amezeeka, kadi nimempelekea mwenyewe mkononi na amesema atakuja. Mkalishe meza ya mbele, apate soda mapema, ana sukari, mpeni ile isiyo na sukari.

Kitenge kiko kwa fundi. Nywele nitajisuka Ijumaa usiku, na shanga ninazo.

Mama yako.