Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watumiaji Maji, Chunya

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtasomewa na mhazini. Pampu mnaijua habari yake: ilisimama kiangazi, ikatengenezwa, inasukuma maji. Mimi nitasemea lile lililotugawa mwaka huu, yaani uamuzi wa kamati kuahirisha kituo kipya cha kuchotea maji ili fedha ziende kwenye upimaji wa kemikali.

Wapo waliouliza: maji meupe, tunachemsha, tunatia klorini, mnatafuta nini tena? Swali ni la haki. Moto na klorini kazi yake ni vijidudu. Kwa zebaki na madini mengine mazito si dawa. Ukichemsha sana, maji yanapungua na chumvi za madini zinabaki sufuriani.

Sisi tunakaa juu ya dhahabu. Lupa, machimbo yetu ya hapa Chunya, inachimbwa tangu miaka ya 1920, na hadi leo kwenye mialo, yaani sehemu za kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, zebaki ndiyo inayokamata dhahabu. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa, nayo hayatupwi, yanauzwa kwa wenye mabwawa ya sianidi, kemikali ya sumu inayotoa dhahabu iliyobaki. Ubaya uko hapo. Sianidi peke yake jua huivunja taratibu, lakini ikikuta zebaki iliyobaki kwenye marudio huiyeyusha, ikawa rahisi kusafiri na maji. Na zebaki haiozi.

Wakati wa mvua kamati ilikwenda kuona bwawa la mchenjuaji mmoja, yaani mmoja wa hao wanaotumia sianidi, lililo juu ya kijito chetu. Nailoni iliyotandikwa kuzuia maji yasivuje ilikuwa imechanika pembeni, imekandamizwa kwa viroba vya mchanga, na maji yamebakiza upana wa kiganja kufika ukingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulipima kwa kamba, hazikufika. Mwenyewe alitupokea vizuri, hata viti akatupa, ila nailoni hakuigusa mpaka barua yetu ilipokwenda na nakala ofisi ya bonde la maji.

Sampuli zilichukuliwa na mtaalamu. Chupa ya sianidi ilitiwa kostiki, yaani soda kali, palepale kisimani, la sivyo sianidi ingepotea hewani njiani. Ya zebaki ikatiwa tindikali isije ikanata kwenye kuta za chupa. Zote zikaenda Mbeya kwenye boksi la barafu. Waliopendekeza tujaze chupa za soda tupeleke kwa bodaboda, natumaini sasa tunaelewana.

Zebaki kwenye kisima chetu iko chini ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Hiyo isitulaze. Zebaki hukaa kwenye tope, vijidudu vya humo huigeuza, ikaingia kwa samaki. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 haukutokana na maji ya kunywa. Watu walikula samaki na kome wa ghuba ambayo kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwagia taka zake zenye zebaki, na kiliendelea hadi 1968. Kwa hiyo wanaovua kambale chini ya mabwawa yale, nawasihi waache mpaka tope lipimwe.

Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: kisima kipimwe kila mwisho wa kiangazi na kila katikati ya mvua, na tope la kijito lipimwe mwaka huu. Kituo cha kuchotea kitarudi kwenye bajeti ijayo. Wanaokubali wanyooshe mikono, katibu ahesabu.

Mwenyekiti