Tusitupe diski za filamu zetu kabla ya kujua nakala nyingine iko wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu diski za filamu ambazo watu wengi hivi sasa wanaziondoa majumbani mwao. Deki zimeharibika na mafundi wake wamepungua, televisheni mpya zinapokea flashi na intaneti, na vijana wanaona kwamba kupanga DVD kabatini ni kufuga vumbi, maadamu kila filamu inapatikana kwenye simu. Hoja hiyo naikubali kwa filamu za Hollywood na za Kihindi, ambazo nakala zake zimetapakaa dunia nzima. Kwa filamu zetu za Kiswahili, zile tulizozoea kuziita Bongo Movie, naikataa kabisa.

Filamu hizo hazikupitia majumba ya sinema wala hazikuwekwa kwenye maghala ya kampuni kubwa. Zilirekodiwa kwa kamera za video, zikahaririwa katika ofisi ndogo za Dar es Salaam, na masta, yaani nakala mama ya filamu, ikapelekwa moja kwa moja kwa msambazaji wa Kariakoo, ambaye mara nyingi alimlipa mtayarishaji kwa mkupuo na kubaki na haki zote. Kutoka hapo zilitoka kwa mikanda ya VHS, baadaye VCD na DVD, zikapakiwa kwenye mabasi ya mikoani na kuvuka mipaka hadi Burundi, Rwanda na Kongo. Kwa hiyo kwa filamu nyingi za miaka ile, diski iliyouzwa kwa mteja ndiyo nakala pekee ambayo mtu wa kawaida anaweza kuishika mkononi, na kama masta ya msambazaji imepotea au kompyuta yake ilikufa zamani, huenda diski hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Mwigizaji Steven Kanumba alifariki dunia tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28. Sehemu kubwa ya kazi aliyotuachia ilitolewa kwa diski. Ni kweli kwamba baadhi ya filamu za kizazi chake zimepandishwa YouTube, lakini nimezitazama kwa makini na ninachokiona kinanisikitisha: filamu imekatwa vipande vipande, majina ya mwanzo yameondolewa, nembo ya mtu asiyehusika imebandikwa pembeni, na mahali palipokuwa na wimbo sauti imezimwa. Ukichukua kava la DVD ya filamu hiyohiyo unakuta kwa nyuma majina ya waigizaji, mpiga picha, mhariri na mtunzi wa wimbo, namba ya simu ya msambazaji, na kwa zilizotoka kuanzia mwaka 2013 unakuta pia stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Mtu atakayetaka kuandika historia ya sanaa hii atazipata wapi habari hizo, ikiwa sisi tuliozinunua tutakuwa tumezichoma pamoja na takataka?

Wapo watakaosema kwamba filamu mpya tunazinunua mtandaoni na zitabaki huko. Naomba watazame yaliyowapata wenzetu waliotutangulia katika biashara hiyo. Huko Marekani, UltraViolet, huduma iliyoungwa mkono na kampuni kubwa za filamu ili wateja wahifadhi humo filamu walizonunua, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019. Mwezi Desemba 2023 Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation, mashine yake ya michezo ya video, kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvilipia vingeondolewa kwenye akaunti zao, na ilirudi nyuma baada ya kelele nyingi na makubaliano mapya na mwenye vipindi. Jimbo la California limefikia hatua ya kutunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za namna hiyo amweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni ruhusa ya kutumia, na kwamba ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Hata filamu uliyoipakua kwenye simu kupitia programu ya kulipia kwa mwezi si mali yako, kwani muda ukiisha au malipo yakikoma inajifunga, wakati DVD inaendelea kuchezwa bila bando, inaazimwa kwa jirani na inarithiwa na mtoto.

Mitaani kwetu, hata hivyo, wengi hawapakui chochote kwa kulipia. Wanakwenda kibandani kujaziwa flashi. Msanii hapati hata senti moja, na filamu yenyewe inakuwa imebanwa mno ili nyingi zienee kwenye flashi ndogo, kiasi kwamba nyuso zinafifia na maandishi hayasomeki. Kibanda hicho hakiwezi kuitwa hifadhi.

Nisieleweke kwamba diski haifi. Zinakufa, na nyingine zinakufa haraka. Katika VCD, ambayo kwa umbile ni CD ya kawaida, tabaka la metali lenye taarifa liko upande wa juu, chini ya rangi na karatasi ya picha, na kinacholikinga ni utando mwembamba sana. Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kuandika majina yao kwa kalamu ngumu upande wa pili, kumbe huko ndiko kwenye madhara makubwa zaidi, maana mkwaruzo unaofika kwenye metali haurekebishiki. DVD ina nafuu kwa kuwa tabaka lake la taarifa limebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki. Zilizo hatarini zaidi ni zile zilizorekodiwa kwa kompyuta moja moja, ambazo taarifa zake zimeandikwa kwenye rangi maalumu inayoharibiwa na joto na mwanga. Ukiweka diski ya namna hiyo juu ya dashibodi ya gari au dirishani, usishangae siku moja deki ikiikataa.

Kwa sababu hiyo nawashauri wenye makusanyo wahamishe filamu hizo kwenye kompyuta mapema, wakiwa bado wanaweza kupata deki au kisoma diski kinachofanya kazi, na wasizitupe diski zenyewe baada ya hapo. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, hivyo diski kuu moja ya kompyuta (hard disk) ya terabaiti moja inatosha kwa DVD kama 200 bila kuzibana. Wawe na nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, wapige picha kava mbele na nyuma, na nakala hizo wasizifanye biashara, kwa sababu haki ya msanii haifutiki kwa vile kazi yake ni ya zamani.

Mtu mmoja mmoja, hata hivyo, hawezi kubeba mzigo huu wote. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 iliweka utaratibu wa wachapishaji kupeleka nakala za vitabu vyao kwenye maktaba ya taifa. Bodi ya Filamu nayo, kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1976, hukagua filamu kabla hazijafika kwa watazamaji. Naiomba Serikali iunganishe mambo hayo mawili, ili kila filamu inayokaguliwa iache nakala kamili isiyofungwa kwa nywila wala programu ya kampuni yoyote, na nakala hiyo itunzwe na taasisi ya umma yenye wataalamu na vyumba visivyo na joto. Kwa filamu zilizokwisha kutoka, Bodi itangaze mahali ambapo wananchi wanaweza kupeleka diski zao ili zinakiliwe na kurudishiwa wenyewe.

Naliomba pia gazeti lako, Ndugu Mhariri, liwatafute wasambazaji wa Kariakoo wa miaka ile, pamoja na warithi wa waliokwisha kufariki, liwaulize masta za filamu walizonunua ziko wapi leo na ziko katika hali gani.

Msomaji wako,
Morogoro