Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Kabla ya kuziba pengo la geji, tazama yaliyoupata mji wa Cairo, Illinois

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: MIJI INAYOISHI KWA KUHAMISHA MIZIGO KATI YA RELI NA RELI

Mheshimiwa, nchi yetu sasa ina reli za geji tatu, geji ikiwa ni upana kati ya reli mbili za njia: milimita 1,000 kwa reli ya zamani ya TRC (Shirika la Reli Tanzania), milimita 1,067 kwa TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), na milimita 1,435 kwa SGR (reli mpya ya geji ya kawaida). Kila geji inapokutana na nyingine, kuna mji unaopata riziki kwa kuwa treni haiwezi kupita moja kwa moja. Tunakuandikia kuhusu mji mdogo wa mtoni huko Magharibi ya Kati ya Marekani uliokuwa na geji tatu karibu miaka 150 iliyopita, ukanawiri, kisha ukabaki gofu. Mji huo ni Cairo, katika jimbo la Illinois, mahali ambapo mto Ohio unaingia Mississippi.

Reli ya Illinois Central ilipewa hati na jimbo Februari 1851, baada ya serikali kuu kutoa ardhi ya umma mwaka 1850 ili iuzwe kugharamia ujenzi. Ekari hizo zilikuwa takriban milioni 2.6. Badala ya kodi ya kawaida, kampuni ilikubali kulipa jimbo asilimia 7 ya mapato ghafi ya njia hizo za hati, kila mwaka. Septemba 1856 kilomita zote 1,135 zilikuwa zimekamilika, na Cairo ikawa kituo cha mwisho upande wa kusini. Mbele yake kulikuwa na maji tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, treni zilimwaga askari na shehena hapo, na Jenerali Ulysses Grant wa jeshi la Kaskazini akaufanya mji kuwa makao yake kabla ya kushuka kusini kwa mito.

Baada ya vita ndipo mambo yalipopamba moto. Mwaka 1872 ilifika reli ya kutoka Vincennes, Indiana. Mwaka uliofuata reli ya kusini, ile ya kwenda New Orleans, ilifika ng'ambo ya Ohio upande wa Kentucky. Hiyo ilikuwa na geji ya futi 5, yaani milimita 1,524, wakati Illinois Central ilikuwa na 1,435. Mwaka 1875 ikaingia reli nyembamba ya kutoka St. Louis, yenye futi 3 tu, milimita 914. Geji tatu zikakutana kwenye ncha ya ardhi iliyozungukwa na matuta ya kuzuia mafuriko.

Tuseme kwa undani kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo kazi inayofanyika au itakayofanyika kwetu. Behewa lililotoka Chicago liliteremshwa kwenye reli ya mteremko hadi gatini, likaingizwa kwenye pantoni. Kimo cha Ohio hapo hupishana kwa zaidi ya mita 15 kati ya ukame na mafuriko. Gati la kudumu halifai mahali kama hapo: reli ya mteremko lazima iwe na kipande kinachosogezwa juu na chini kufuata maji, na kila kikisogezwa, viungo vya reli hukaguliwa upya. Barafu ya majira ya baridi ilisimamisha vivuko. Ukungu nao ulivisimamisha.

Kisha kuna bogi, yaani fremu zenye magurudumu zinazobeba sanduku la behewa. Behewa husukumwa chini ya winchi, sanduku lake likanyanyuliwa, bogi za geji moja zikaviringishwa nje na za geji nyingine zikaingizwa, pini ya katikati ikalengwa kwenye tundu lake, sanduku likashushwa na fito za breki zikaungwa tena. Ukiiona kazi hii unadhani ni rahisi. Matatizo yake ni haya: pini isiyokaa sawa hufanya behewa liegemee upande mmoja na kuchosha beringi mpaka zichemke, fito za breki zilizounganishwa haraka hubana gurudumu moja na kuliacha jingine, na mizigo mingi ikielekea upande mmoja kuliko mwingine, bogi za geji moja hurundikana huku za upande wa pili zikikosekana, behewa zima likingoja siku kadhaa. Hili la mwisho ndilo huua ratiba, na halitibiwi kwa kuongeza winchi. Linatibiwa kwa kuwa na akiba ya bogi pande zote mbili na hesabu yake kufanywa kila siku.

Illinois Central iliamua kuuondoa ugonjwa kwenye mzizi. Tarehe 29 Julai 1881 njia yote ya kusini ya Cairo, takriban kilomita 885 mpaka New Orleans, ilibadilishwa kutoka geji ya futi 5 hadi 1,435 kwa siku moja. Mheshimiwa, siku hiyo moja isikudanganye. Nyuma ya kazi ya aina hiyo kuna miezi ya maandalizi. Mataruma ya mbao, yaani magogo yanayobeba reli, huchongwa mapema ili reli ikae bapa mahali papya. Msumari wa ndani hupigwa kwenye alama mpya kabla ya siku yenyewe, na mingi kati ya ile ya zamani hung'olewa, ikabaki ya kutosha tu kushikilia treni. Siku ikifika, kila kikosi kina kipande chake: kung'oa misumari iliyobaki, kusukuma reli ndani kwa nondo mpaka iguse msumari mpya, kugongelea wa nje, kupima kwa fimbo ya geji, kusonga mbele. Magurudumu ya mabehewa huwa yameandaliwa ili yasukumwe ndani kwenye ekseli zake. Vichwa vya treni ndivyo vigumu zaidi, hivyo hupangwa kuingia karakana kwa zamu.

Reli ilisogezwa milimita 89 tu. Hapa ndipo Cairo inapoigusa Kidatu, kituo chetu cha kuhamishia mizigo kati ya TRC na TAZARA. Tofauti ya geji kati ya TRC na TAZARA ni milimita 67, ndogo kuliko ile. Wapo wanaopendekeza reli ya tatu ilazwe ili geji zote mbili zitumie taruma moja. Kwa milimita 67 haiwezekani: kichwa cha reli peke yake kina upana unaokaribia huo, kitako chake ni kipana zaidi, na bado gurudumu linahitaji nafasi ya ukingo wake kupita. Ingebidi reli nne. Kwa 1,000 na 1,435 reli tatu zinaingia vizuri, kwa sababu tofauti ni milimita 435. Hili lieleweke mezani kabla fedha haijatumika kwa mchoro usiojengeka.

Njia ya misumari ya 1881 nayo haiwezi kuhamishwa kwetu ilivyo. Taruma la mbao unaweza kulitoboa popote. La zege lina vishikizo vilivyozikwa kiwandani, na la chuma lina vikao vilivyotengenezwa kwa geji moja. Hispania, ambayo ina geji pana yake yenyewe, imekuwa ikilaza mataruma yenye nafasi mbili za reli ili siku ya kuhamia 1,435 kazi iwe ya kufungua na kufunga. Ombi letu la kwanza ni hilo: kila taruma jipya linalolazwa kwenye reli ya geji ya mita lichaguliwe kwa kuzingatia geji itakayofuata hapo. Gharama ya ziada leo ni ndogo kuliko kung'oa kilomita nzima kesho.

Turudi Cairo. Mwaka 1886 ile reli nyembamba ya St. Louis ilikodishwa na kampuni ya Mobile & Ohio na kugeuzwa geji ya kawaida. Pengo la geji likawa limekwisha, likabaki la maji. Ujenzi wa daraja la Ohio ulianza Julai 1887 chini ya wahandisi George S. Morison na Alfred Noble. Misingi ilizamishwa kwa masanduku makubwa yenye hewa iliyobanwa, watu wakichimba ndani yake chini ya mto. Mchimbaji akitolewa haraka kwenye hewa ile hupata maradhi ya viungo yanayoweza kumuua. Juu ya nguzo yalilazwa maungo 12 ya chuma, yaani vipande vinavyotoka nguzo hadi nguzo, mawili yakiwa na urefu wa mita 158 kila moja. Tarehe 29 Oktoba 1889 vichwa 10 vya treni, vya tani 75 kila kimoja, viliongozana juu yake kulijaribu.

Sehemu ya chuma ina mita 1,415. Pamoja na njia za kupandia, daraja lilizidi kilomita 6. Sababu ni sharti la meli: sheria ilitaka nafasi ya mita 16 juu ya maji ya mafuriko ili mabomba ya moshi ya meli yapite. Kupanda mita 20 kwa mwinuko wa mita 1 katika kila mita 100 kunahitaji kilomita 2 za njia, na daraja lina pande mbili. Kwa hiyo njia ilianza kupanda mbali, kaskazini mwa mji. Treni ya New Orleans haikuwa tena na haja ya kushuka gatini wala kuwaona makuli, wenye hoteli na wenye maghala. Mwaka 1905 lilifunguliwa daraja jingine huko Thebes, mwendo wa kilomita 40 hivi kaskazini, juu ya Mississippi, na treni za Arkansas na Texas zilizokuwa zikivushwa kwa pantoni kutoka Bird's Point hadi Cairo zikahamia huko.

Mji haukuanguka siku hiyo. Sensa ya 1920 ilihesabu watu 15,203. Lakini kilichokuwa kikiwalisha kilikuwa kimeshaondoka, na hakuna kilichopandwa mahali pake. Madaraja ya magari ya 1929 na 1938 yakaondoa vivuko vilivyobaki. Haki inatutaka tuseme pia kwamba reli si chanzo pekee: ubaguzi wa rangi ulitafuna mji kwa miongo, vurugu za 1967 zikafuatiwa na mgomo wa wakazi weusi kununua kwenye maduka yaliyokataa kuwaajiri, na wenye maduka wengi walifunga kuliko kukubali. Mji wenye uchumi mpana ungeweza kustahimili. Sensa ya 2020 ilikuta watu 1,733. Daraja bado linatumika, muundo wake wa juu ukiwa umebadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na treni ya abiria ya Chicago hadi New Orleans inalivuka bila kusimama Cairo.

Mheshimiwa, tuna Kidatu, kituo cha kuhamishia mizigo kati ya TRC na TAZARA. Tuna Isaka, bandari kavu inayopakua treni na kupakia malori ya Rwanda na Burundi. Tuna Kigoma, ambako reli inakabidhi mzigo kwa ziwa. Na popote SGR inaposimama kwa muda ikingoja kipande kinachofuata, mama lishe, madereva, wenye nyumba za wageni na vijana wa kupakia husogea hapo na kujenga. Wanajenga kwa imani kwamba kazi ni ya kudumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Ombi la pili, basi: kwa kila kituo cha kuhamishia, Wizara itangaze hadharani kama ni cha muda au cha kudumu, na ni tukio gani litakalokimaliza, iwe kukamilika kwa kipande fulani, kuunganishwa kwa geji, au kufunguliwa kwa daraja. Tangazo libandikwe ofisi ya kijiji na ya kata, si tovuti pekee.

La tatu linahusu ramani. Mchepuko wa njia mpya unapopangwa kuzunguka mji wa zamani kwa sababu ya mwinuko au mapinda, wakazi wa mji huo waachiwe kipande cha reli kinachofika kwenye maghala yao, chenye swichi (mahali pa treni kubadili njia) pande zote mbili ili treni iingie na kutoka bila kugeuza kichwa. Kipande chenye swichi moja hufa upesi, kwa kuwa kila behewa hudai muda wa kichwa kurudi nyuma, na mwendesha ratiba huanza kukikwepa.

La nne ni fedha. Illinois ilipata asilimia 7 ya mapato ya njia zile, ila fedha hizo zilikwenda kwenye hazina ya jimbo. Tunapendekeza sehemu ndogo ya tozo ya kuhamishia mizigo, kwa kila tani, ibaki halmashauri ya mji husika kwa kazi moja tu: kujenga shughuli isiyotegemea pengo la geji. Karakana ya mabehewa, ghala la baridi, kiwanda cha kukoboa, chuo cha ufundi wa reli. Kidatu ina umeme na miwa jirani. Isaka iko kwenye njia ya pamba na mpunga. Ni rahisi kuanza mapema, wakati mizigo bado inasimama, kuliko baadaye.

Tuko tayari kuwasilisha michoro na hesabu za geji kwa wataalamu wako watakapozihitaji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wafuatiliaji wa historia na ufundi wa reli